Ngao Chini ya Mto: Historia ya Mitambo ya Kuchimba Mahandaki Nchini Uingereza

Utangulizi

Kuchimba handaki ni kazi tatu zinazokwenda pamoja: kukata ardhi, kuondoa kifusi, na kuizuia ardhi iliyobaki isiporomoke. Mtu anayeutazama mtambo wa kisasa, wenye kichwa cha duara kilichojaa meno ya chuma, hudhani kwamba kazi ya kwanza ndiyo kubwa. Historia ya Uingereza yaonyesha vinginevyo. Kazi ya tatu ndiyo iliyowashughulisha wahandisi zaidi, nayo ndiyo iliyogharimu maisha ya watu.

Ngao ya Brunel

Mwaka 1818 mhandisi Marc Brunel alipata hataza ya ngao ya kuchimbia. Husimuliwa kwamba alijifunza kutoka kwa mdudu wa baharini atobolaye mbao za vyombo, yule yule ambaye mafundi wa majahazi wa mwambao wa Afrika Mashariki humzuia kwa kupaka deheni. Mdudu huyo hukata mbao kwa magamba ya kichwani, na nyuma yake huupaka ukuta wa tundu lake utando mgumu wa chokaa. Kwa hiyo hukata na kujenga kwa wakati mmoja.

Kazi ya kuchimba handaki chini ya mto Thames, London, ilianza mwaka 1825. Ngao ya Brunel ilikuwa fremu kubwa za chuma zenye vyumba 36, na katika kila chumba alisimama mchimbaji mmoja. Mbele yake palikuwa na mbao fupi zilizoshikilia udongo. Mchimbaji aliondoa ubao mmoja, akachimba sentimeta chache, akaurudisha mahali pake, kisha akaondoa wa pili. Mbao zote zilipokwisha kusogezwa, fremu ilisukumwa mbele kwa jeki za parafujo zilizoegemea ukuta wa matofali uliojengwa nyuma.

Hata hivyo, maji ya mto yaliingia mwezi Mei 1827, na tena Januari 1828, ambapo watu 6 walikufa. Kazi ilisimama kwa miaka 7. Handaki hilo la mita 396 lilifunguliwa mwaka 1843, na treni zinapita humo hata leo.

Nguvu ya ardhi na maji

Kwa nini maji yaliweza kuingia kwa nguvu hivyo? Hesabu ndogo yatosha. Kila mita 10 za kina cha maji huongeza kanieneo ya tani 10 hivi kwa kila mita ya mraba. Tuseme handaki lenye kipenyo cha mita 7 linachimbwa mita 20 chini ya usawa wa maji. Eneo la uso wa machimbo ni mita za mraba 38.5, na kila moja inasukumwa na tani 20. Jumla ni tani 770, kabla ya kuhesabu uzito wa udongo wenyewe. Mbao na mikono ya watu haziwezi kuzuia nguvu hiyo iwapo udongo una ufa unaopitisha maji.

Kutoka ngao hadi mtambo

Mwaka 1869 James Greathead, mhandisi mzaliwa wa Afrika Kusini, alichimba handaki jingine chini ya Thames karibu na Tower kwa kutumia ngao ya duara. Badala ya matofali, yalifungwa mapete ya chuma cha kusubu. Baadaye, katika reli ya chini ya ardhi iliyofunguliwa London mwaka 1890, aliongeza mambo mawili: tope la chokaa lililosukumwa nyuma ya mapete ili kuziba nafasi, na hewa iliyoshindiliwa kuyazuia maji mahali palipokuwa na mchanga. Hewa hiyo ilisaidia, lakini iliwadhuru wafanyakazi waliotoka humo kwa haraka kwenda kwenye hewa ya kawaida.

Wakati huo huo kazi ya kukata ilikuwa imeanza kufanywa kwa mashine. Kati ya mwaka 1880 na 1882 mashine ya Beaumont na English, iliyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, ilitoboa handaki la kipenyo cha mita 2.13 kwa karibu kilometa 1.8 kutoka pwani ya Dover kuelekea Ufaransa. Serikali iliisimamisha kwa kuhofia uvamizi wa kijeshi. Mashine haikushindwa, kwa kuwa ilikuwa katika mwamba laini wa chaki usiopitisha maji kwa urahisi. Mwamba ulijishikilia wenyewe.

Suluhisho la kazi ya tatu lilikaribia pale John Bartlett alipopata hataza mwaka 1964. Katika mtambo wake, chumba kilicho nyuma ya kichwa cha kukatia hufungwa kabisa na kujazwa tope la bentonaiti lenye kanieneo inayolingana na ile ya ardhi na maji. Tope hilo huushikilia uso wa machimbo, kisha hupigwa pampu kwenda nje pamoja na kifusi. Mfanyakazi hukaa nyuma, katika hewa ya kawaida. Mtambo huo ulijaribiwa New Cross, London, mwaka 1972.

Chini ya bahari na chini ya mji

Handaki la kati ya Uingereza na Ufaransa, lenye urefu wa kilometa 50.45, lilifunguliwa mwaka 1994 baada ya kuchimbwa kwa mitambo 11. Upande wa Uingereza ilitumika mitambo iliyotarajia chaki kavu. Palipokutwa chaki yenye nyufa na maji, kazi ilichelewa. Upande wa Ufaransa, ambako maji yalitazamiwa tangu mwanzo, mitambo iliundwa iweze kufungwa. Wafanyakazi 10 walipoteza maisha katika mradi huo.

Kati ya mwaka 2012 na 2015 mitambo 8 ilichimba kilometa 42 chini ya London kwa ajili ya reli iliyofunguliwa mwaka 2022. Mingi kati yake ilitumia udongo uliochimbwa kuwa kizuizi: udongo huo hushikiliwa chumbani na kutolewa kidogo kidogo kwa parafujo kubwa, ili kanieneo isipungue.

Hitimisho

Msomaji ataona kwamba meno ya chuma hayakutosha kuufanya mtambo uwe salama. Usalama ulitokana na kuijua ardhi kabla ya kuichimba, na kuchagua mtambo unaoifaa. Nchi inayotaka kununua mtambo wa namna hiyo haina budi kwanza kugharimia utafiti wa miamba na maji yaliyomo.

Maswali ya kujipima

1. Taja kazi tatu za uchimbaji, na ueleze jinsi ngao ya Brunel ilivyotekeleza kila moja.
2. Handaki lenye kipenyo cha mita 4 liko mita 30 chini ya usawa wa maji. Kadiria nguvu ya maji kwenye uso wa machimbo.
3. Kwa nini mashine ya mwaka 1880 ilifanikiwa bila chumba kilichofungwa?