«Etaje tatu» au «etaje ya tatu»? Utata wa lugha katika agizo la gato ya ndoa

Keki ya harusi, hapa Lubumbashi, ni gato ya ndoa. Wasemaji wa Nairobi na Dar es Salaam walichukua neno lao katika Kiingereza, sisi tukachukua letu katika Kifaransa. Tofauti hiyo inajulikana na haimtii mtu hasara. Hasara huanzia kwenye vineno vidogo, siku familia inapoketi na mpishi kuchagua modele. Agizo hutolewa kwa mdomo, pesa ni za michango ya ndugu, na kosa huonekana wakati ukumbi umekwisha kujaa. Hapo huanza maneno: «Ulisema hivi», «Sikusema hivyo». Makala hii inaonyesha kwamba mara nyingi hakuna mwongo kati yao. Agizo lenyewe lilikuwa na maana mbili.

1. Nambari

Tulinganishe sentensi hizi:

(a) Muweke maua ku etaje tatu.
(b) Muweke maua ku etaje ya tatu.

Katika (a), tatu inahesabu: etaje tatu zitapata maua. Katika (b), tatu inapanga: maua yatakaa kwenye etaje moja tu. Kinachozitenganisha ni a-unganifu peke yake, silabi moja isiyo na mkazo. Kwenye simu, au sokoni penye kelele, silabi hiyo hupotea kwa urahisi, na pamoja nayo bei hubadilika.

Tusikimbilie kukilaumu Kiswahili cha Lubumbashi. Kiswahili sanifu nacho kina «ghorofa tatu» na «ghorofa ya tatu», kwa sababu nomino za ngeli ya 9/10 hazibadiliki katika wingi. Kinga hupatikana katika ngeli nyingine: «matabaka matatu» na «tabaka la tatu» haviwezi kuchanganywa, kwa kuwa nomino na nambari zote mbili hubeba alama ya wingi.

Kuna mtego wa pili. Etaje ya kwanza ni ipi? Katika Kifaransa, sehemu ya nyumba iliyo chini haihesabiwi kuwa etaje. Ya kwanza ni ile iliyo juu yake. Anayehesabu gato kama nyumba ataita ya chini «msingi», na gato yake ya etaje tatu itakuwa na sehemu nne. Anayehesabu sahani zinazopangwa mezani ataanza na ya chini, naye atapata tatu. Wote wawili wamehesabu vizuri. Dawa ni kuacha nambari za kupanga na kusema: ya chini kabisa, ya katikati, ya juu kabisa. Kisha jumla itajwe wazi: «tatu, pamoja na ya chini».

2. Rangi

Kuanzia 1971 hadi 1997 mkoa wa Katanga uliitwa Shaba. Kwetu neno hilo linaleta picha ya madini mekundu yanayochimbwa katika udongo wetu. Katika Kiswahili cha pwani, shaba hutaja pia ile ya manjano inayong'aa. Bibi harusi wa Lubumbashi mwenye shangazi Dar es Salaam anaweza kukubaliana naye juu ya utepe wa «rangi ya shaba», kumbe kila mmoja anaona rangi yake. Katika jambo hili mfano wa kitu unashinda jina la rangi: «shaba ya waya wa umeme» au «shaba ya tarumbeta». Mtu yeyote ameviona vyote viwili.

3. Modele

Mpishi akiuliza «Munataka modele gani?», anauliza maswali matatu kwa neno moja. La kwanza ni umbo: duara, mraba au moyo. La pili ni mpangilio: etaje zikae moja juu ya nyingine, au kila gato iwe na kinara chake? La tatu ni mapambo. Neno moja la jumla linafunika mambo mahususi yaliyo chini yake. Familia ikijibu «ya moyo», swali moja limejibiwa na mawili yameachwa kwa mpishi akisie.

Wengine huona kwamba picha inamaliza ubishi. Lakini «kama hii» ni maneno ya kuonyesha, na kidole kinachoonyesha picha hakisemi kinaonyesha nini ndani yake. Ni umbo? Rangi? Idadi ya etaje? Picha inasaidia ikisindikizwa na sentensi: «umbo kama hili, lakini maua meupe».

Kwa hiyo mwanafunzi wa isimu akiitwa katika kamati ya ndoa asiseme kwamba taaluma yake haina kazi pale. Kazi yake ni kulirudia agizo kwa sauti mbele ya pande zote mbili, kabla pesa hazijatolewa, na kuuliza kila penye maana mbili.

Zoezi

Soma agizo hili: «Tunataka gato ya etaje tatu, maua ku etaje ya kwanza, utepe wa rangi ya shaba, modele kama hii.»

1. Taja kila utata uliomo, na useme unatokana na sarufi, na msamiati au na muktadha.
2. Liandike upya ili mpishi ambaye hajaiona picha aweze kuitengeneza gato hiyo bila kuuliza swali lolote.