Uteuzi wa Programu ya Kuhifadhi Madondoo ya Utafiti

Mtafiti anayekusanya madondoo mtandaoni hana budi kuchunguza kwanza jinsi atakavyoyatoa katika programu, kabla ya urahisi wa kuyaingiza. Google Notebook, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilifungwa mwaka 2012. Pocket ikafuata mwaka 2025. Evernote nayo, mwaka 2023, iliwawekea watumiaji wasiolipa kikomo cha madokezo 50, idadi isiyotosheleza hata sura moja ya tasnifu.

Zotero yafaa zaidi. Haiuzwi, huhifadhi nakala ya ukurasa pamoja na anwani na tarehe ya kuufikia, na kazi yote hubaki katika kompyuta ya mtafiti mwenyewe. Hata hivyo, jaribu mapema kuhamisha madondoo kumi. Yakitoka bila anwani zake, tafuta programu nyingine.