Mafunzo Niliyopata Kwenye Udongo Mweusi wa Bondeni

Nyumba yetu ipo Mufindi, kwenye mteremko unaoshukia vinyungu, yale mashamba ya bondeni tunayolima kiangazi. Udongo wa kule ni mweusi, mwepesi kama pumba. Ukiukamua kiganjani unatoa maji ya rangi ya chai. Ni mizizi na majani ya miaka mingi, yamezama majini yakashindwa kuoza sawasawa. Nilipouona nikajua nimepata mbolea ya bure.

1. Weusi si rutuba. Msimu wa kwanza nilipanda maharage na kabichi. Maharage yakawa ya njano, na nilipong'oa shina sikukuta vile vinundu vya mizizini vinavyotengeneza nitrojeni. Kabichi zikawa zinanyauka mchana hali ardhi imelowa. Chini, mizizi imevimba kama tangawizi. Ugonjwa huo hupenda udongo wenye tindikali, na ukishaingia hukaa miaka mingi. Muuza pembejeo mmoja aliniuzia mbolea zaidi, haikusaidia kitu. Nilipopima, pH ilikuwa 4.6. Katikati ni 7, na kila ukishuka namba moja tindikali huongezeka mara 10.

2. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu. Chai iliyotuzunguka pande zote hustawi kwenye pH ya 4.5 hadi 5.5. Basi nikatafuta mimea ya tabia hiyo: kamelia, ambayo ni ndugu wa chai kabisa, na azalea. Shangazi akanipa kipandikizi cha haidranja. Kwake, kando ya ukuta wenye chokaa, inatoa maua ya pinki. Kwangu yametoka bluu iliyokolea, nikasimama kuyatazama asubuhi nzima. Tindikali huyeyusha alumini ya ardhini, ua likainywa likageuka rangi. Alumini hiyohiyo ndiyo inayodumaza mizizi ya maharage.

3. Tindikali ni jambo moja, maji ni jingine. Miparachichi yangu miwili ya bondeni ilioza mizizi ikafa. Wa tatu, niliouweka juu mteremkoni, unazaa. Bondeni nimeacha magimbi, na viazi mviringo kwenye matuta ya juu.

4. Chokaa ya kilimo naweka kitalu kimoja tu, cha maharage na vitunguu. Udongo wa namna hii ni mkaidi, hula chokaa nyingi ndipo ubadilike. Majivu ya jikoni huenda hukohuko, mbali na azalea.

5. Usiukaushe. Hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilichimba mfereji mrefu kutoa maji, na kufika Oktoba udongo ulikuwa vumbi, umepasuka na kutitia. Nilipomwagilia, maji yaliviringika juu yake kama juu ya jani la gimbi, hayakuingia. Udongo uliojengeka kwa karne nyingi, nimeuharibu kwa kiangazi kimoja. Sasa nimefukia nusu ya mfereji, na kingoni magimbi yameanza kuchipua.