Wageni wa Mlima Meru

1. Mlima Meru una kimo cha zaidi ya mita 4,500. Chini yake, upande wa kusini-magharibi, uko mji wa Arusha, na katika miteremko yake imestawi migomba na mibuni ya Wameru na Waarusha. Tangu zamani wageni wengi wamefika mahali hapa. Hata leo, kila mwaka, huja vijana Wakristo kutoka Marekani, Ujerumani na nchi nyingine, ili kuwatumikia watoto maskini na yatima kwa majuma machache. Hawapati mshahara, nauli hujilipia wenyewe, au hulipiwa na makanisa yao. Ni jambo jema mtu kuacha raha ya kwao kwa ajili ya mtoto asiyemjua. Walakini nia njema peke yake haitoshi, na mlima huu ni shahidi wa neno hilo.

2. Mwezi wa Oktoba mwaka 1896 walifika Akeri, katika nchi ya Wameru, wamisionari wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock. Walikuwa vijana, na walizaliwa katika nchi za mbali zilizo kando ya Bahari ya Baltiki. Walitaka kujenga nyumba na kufundisha. Lakini wakati huo huo Kapteni Johannes, afisa wa serikali ya Kijerumani, alikuwa amepiga kambi karibu pamoja na askari wake. Wenyeji wangejuaje tofauti ya Mzungu aliyeleta kitabu na Mzungu aliyeleta bunduki? Usiku wa kuamkia tarehe 20 wapiganaji wa Kimeru na Kiarusha waliwashambulia, wakawaua wamisionari wote wawili, na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Ndipo Johannes akarudi na jeshi kubwa kulipiza kisasi. Nyumba zikachomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakatekwa. Basi watoto, ambao wageni wale walitaka kuwafundisha, wakabaki bila maziwa wala ndizi.

3. Mwaka 1902 mmisionari mwingine, Arno Krause, alianza kazi huko Nkoaranga, na mwaka 1904 kituo cha Ilboru kikaanzishwa kwa Waarusha. Watu hawakuwa wamesahau vita, na boma la Wajerumani lilikuwa limekwisha jengwa Arusha kwa kazi ya kulazimishwa. Imani haikuja kwa siku moja. Ilihitaji miaka ya kukaa pamoja, kusikilizana na kufundishana. Leo Nkoaranga pana kanisa na hospitali, na wenyeji wenyewe ndio wanaoziongoza.

4. Sasa tuchukue mfano wa siku hizi. Tuseme msichana wa miaka 19 anatoka ng'ambo, anakuja kukaa majuma mawili katika nyumba ya kulelea yatima. Siku ya kwanza anagawa peremende na kupiga picha. Mtoto mmoja wa miaka mitatu anamshika mkono, wala hamwachi tena. Kila asubuhi humngoja mlangoni. Majuma mawili yakiisha, msichana anapanda gari na kwenda zake. Mtoto analia hata usiku. Baada ya mwezi mmoja anakuja mgeni mwingine, na mtoto anaanza kupenda upya. Naye pia anaondoka. Mtoto anayeachwa mara nyingi namna hii hufundishwa ya kuwa kila ampendaye humkimbia.

5. Tuseme tena kwamba msichana huyo ana busara. Jioni moja anamwendea mama mlezi, aliyefanya kazi mahali pale miaka mingi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona u mnyonge?"

"Nitamfanyia nini mtoto huyu hata nitakapokuwa nimeondoka?"

Mama anamjibu: "Wazee wetu husema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukitaka kutusaidia, fua nguo pamoja nami, menya ndizi, osha masufuria, nami nipate nafasi ya kumpakata mtoto. Mimi sitaondoka. Tena mtoto huyu ana bibi yake kijijini. Alimleta hapa kwa sababu hakuwa na fedha za maziwa. Ukirudi kwenu, uwaambie wenzako wamsaidie bibi yule, ili mtoto akalelewe na watu wa damu yake."

6. Mama huyo amesema kweli. Uchunguzi katika nchi nyingi umeonyesha ya kuwa wengi wa watoto wanaokaa katika nyumba za yatima wanaye baba au mama aliye hai. Umaskini ndio uliowatenga. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania inataka kila nyumba ya kulelea watoto iwe na leseni.

7. Kumbukeni Msamaria mwema. Yeye naye alikuwa msafiri. Hakukaa siku nyingi. Alimfunga mtu yule majeraha, akamwuguza usiku mmoja, kisha akamwachia mwenye nyumba ya wageni fedha, ili aendelee kumtunza. Hakudhani ya kuwa yeye peke yake ndiye mponya. Alimtegemea yule aliyekuwa anabaki. Huo ndio mfano wa kila mgeni atakaye kusaidia: mtoto si chombo cha kumfurahisha mfadhili, naye mwenyeji si mtazamaji katika kazi ya rehema.

8. Nanyi wanafunzi msingoje wageni wa ng'ambo. Katika kila kijiji yuko mtoto asiye na mama, na bibi asiye na nguvu za kuchota maji. Jembe mnalo, na njia ya kwenda kwake mnaijua.

MASWALI

1. Kwa nini wenyeji wa Akeri hawakuweza kutofautisha wamisionari na askari?
2. Watoto wa Meru walipata hasara gani kwa vita vile?
3. Mama mlezi alimpa mgeni "jembe" gani?
4. Taja kazi moja unayoweza kumfanyia mtoto au mzee wa kijijini kwenu juma hili. Uifanye, kisha uandike habari zake.