Gari Likigongwa Garsen: Andikeni Kwanza, Kisha Mpeane Mikono

Tuseme ni asubuhi. Gari aina ya Probox limetoka Chara na abiria na mikungu ya ndizi. Linapoingia lami ya Garsen linamgusa mwendesha boda anayekata kona kuelekea Minjila. Hakuna aliyeumia vibaya, ila bampa imepasuka, taa moja imevunjika na usukani wa pikipiki umepinda. Watu wanajaa. Wazee wawili wanasogea, maneno yanapoa, na mwenye gari anasema, "Basi ndugu yangu, nitakutengenezea." Wanapeana mikono na kuachana kwa heri. Wiki mbili baadaye simu haishikwi.

Sheria za Kenya zinamlinda kila mmoja katika kisa hiki: mwenye gari, mwenye pikipiki, abiria, hata mwenye ng'ombe akigongewa ng'ombe wake. Wengi wanaokosa haki yao hawakosi sheria, wanakosa ushahidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ajali ndogo ndiyo inayotuponza zaidi kwa sababu tunaiona haina haja ya daftari.

Dakika za kwanza barabarani

Sheria ya Trafiki, Sura 403, kifungu cha 73, inamtaka dereva asimame pale gari lake linapohusika katika ajali iliyomuumiza mtu au kuharibu gari, jengo au mnyama. Akiulizwa na mtu mwenye sababu ya kuuliza, lazima ataje jina lake na anwani yake, jina na anwani ya mwenye gari, na namba ya gari. Kama kwa sababu yoyote hakutoa maelezo hayo, lazima aripoti kwa polisi mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya saa 24. Kukimbia ni kosa, hata kama uharibifu ni taa moja.

Kwa sisi wa bonde la Tana saa 24 si nyingi. Masika ikifika, njia ya kutoka Chara hadi lami hugeuka tope, na mwisho wa 2023 mafuriko yalikata hata barabara kuu ya kwenda Lamu. Usingoje maji yapungue. Sheria inataja afisa wa polisi au kituo cha polisi, kwa hiyo ripoti kwa yule aliye karibu nawe zaidi.

Kabla magari hayajasogezwa, piga picha kwa simu: magari yote mawili yakionekana na barabara, namba za usajili, alama za breki, stika ya bima, leseni ya dereva. Andika majina na namba za simu za mashahidi wawili ambao si jamaa zako. Ikiwa aliyegongwa ni ng'ombe au mbuzi, piga picha ya mnyama, ya alama yake na ya mahali hasa alipokuwa amesimama. Mwenye mifugo ana wajibu wa kuichunga isizurure barabarani, na dereva ana wajibu wa kupunguza mwendo panapovuka mifugo. Mahakama inaweza kugawa lawama kati ya wawili hao, na picha hiyo ndiyo itakayoonyesha nani alikuwa wapi.

Jambo moja zaidi. Msaidie aliyeumia, mpe pole, mpeleke hospitali. Utu huo haukudhuru. Lakini usitamke wala kuandika kwamba kosa ni lako na utalipa yote kabla ya kuzungumza na kampuni yako ya bima. Mikataba mingi ya bima inakataza kukubali lawama bila idhini yao, na kampuni inaweza kuitumia kauli hiyo kukukatalia madai.

Polisi: namba ya OB na abstrakti

Ukiripoti, hakikisha maelezo yako yameandikwa katika kitabu cha matukio, kisha uondoke na namba ya OB. Baadaye omba abstrakti ya polisi. Hiyo ndiyo karatasi ambayo kampuni ya bima itaitaka kwanza. Isome kabla ya kuipokea. Je, namba ya gari ni sahihi? Tarehe? Jina la kampuni ya bima ya mwenzako limeandikwa? Kosa la herufi moja katika namba ya gari linaweza kukugharimu safari nyingi za Garsen.

Abstrakti inathibitisha kwamba ajali ilitokea na nani walihusika. Haimalizi swali la nani mwenye kosa. Kwa hiyo usikate tamaa ikiwa mstari mmoja haukukupendelea, na usibweteke ikiwa umekupendelea. Kama kuna aliyeumia, aombe pia fomu ya P3 na aijazishe kwa daktari mapema, kabla jeraha halijapona.

Bima yako inabeba nini hasa

Hapa ndipo watu wengi wanaposhtuka. Bima ya lazima kwa kila gari na pikipiki barabarani inatoka katika Sura 405, sheria ya bima ya magari kwa hatari za mtu wa tatu. Wengi tunaiita thadi pati. Sheria hiyo inalazimisha bima kwa ajili ya kifo na majeraha ya mwili, na dai la mtu mmoja lina ukomo wa shilingi milioni 3. Haikulazimishi kukatia bima bampa ya mwenzako. Mikataba mingi ya thadi pati huongeza fidia ya mali ya mtu mwingine hadi kiasi fulani, lakini hilo linatokana na mkataba, si sheria. Fungua karatasi zako leo uone kiasi hicho ni kipi.

Gari lako mwenyewe halimo kabisa katika thadi pati. Ukitaka litengenezwe na bima, au ulindwe dhidi ya wizi na moto, unahitaji bima kubwa, ile ya komprehensivu. Na hata ukiwa nayo, uliza waziwazi: mafuriko yamo au hayamo? Kwa mtu anayeishi kando ya mto Tana, swali hilo lina uzito kuliko swali la wizi.

Abiria nao wana jambo la kujua. Sheria hailazimishi bima ya gari la binafsi kuwabeba waliomo ndani. Inailazimisha pale abiria wanapobebwa kwa malipo, au kwa sababu ya kazi yao. Sasa, Probox yenye bima ya matumizi binafsi ikibeba abiria kwa nauli, kampuni inaweza kusema gari lilitumika kinyume cha mkataba na kukataa kulipa. Vivyo hivyo boda iliyokatiwa bima ya mtu binafsi. Dereva, kata bima inayolingana na kazi unayofanya. Abiria, una haki ya kuitazama stika kabla ya kupanda.

Kuhusu stika yenyewe: cheti cha bima ya gari siku hizi ni cha kidijitali na kinaweza kuhakikiwa. Ukiuziwa bima na wakala, thibitisha kwamba kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Lipa kikamilifu kabla ya kuondoka, kwa sababu sheria hairuhusu kampuni kubeba hatari ambayo haijalipiwa. Wakenya wameona kampuni zikianguka na madai ya watu mikononi: United mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011. Bei nafuu kuliko zote sokoni si sababu ya kutosha ya kuchagua bima.

Unapodai

Iarifu kampuni siku ileile kwa simu, kisha kwa maandishi. Ujumbe wa simu uliohifadhiwa ni maandishi pia. Utajaza fomu ya madai na kuambatisha abstrakti, nakala ya leseni ya dereva, kitabu cha gari na makadirio ya gereji. Usianze matengenezo kabla mkaguzi wa bima hajaliona gari. Ukilinyoosha kwanza, umefuta ushahidi wako mwenyewe.

Tarajia eksesi, yaani sehemu ya gharama ambayo mkataba unasema utaibeba wewe. Katika ajali ndogo, hesabu hii ni muhimu. Kama eksesi ni shilingi 15,000 na bampa itatengenezwa kwa shilingi 12,000, bima haitakulipa kitu. Hata hivyo iarifu kampuni, kwa sababu mwenzako anaweza kuja na madai mwezi ujao.

Sheria ya Bima, Sura 487, inaitaka kampuni ilipe dai lililothibitika ndani ya siku 90 tangu liliporipotiwa. Weka tarehe hiyo kwenye kalenda. Ikikataa kulipa, omba sababu kwa maandishi. Usiporidhika, peleka malalamiko IRA ukiwa na nakala za barua zote. Na ukiletewa hati ya kukiri kwamba umelipwa na huna dai jingine, isome polepole. Ukiisaini, kwa kawaida umefunga mlango.

Haki zako gerejini

Wachache wanajua kwamba Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu nzima juu ya matengenezo ya magari. Una haki ya kupewa makadirio kabla ya kazi kuanza. Fundi akikupa makadirio, hawezi kukutoza zaidi ya asilimia 10 juu yake. Una haki ya kurudishiwa spea zilizotolewa. Na spea mpya au zilizokarabatiwa, pamoja na kazi ya kuzifunga, zina dhamana ya siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia.

Haki hizi hazimdhalilishi fundi wetu wa Garsen anayefanya kazi chini ya mwembe. Karatasi moja yenye bei, orodha ya spea na sahihi mbili inamlinda yeye pia dhidi ya mteja anayegeuka. Ikiwa bima ndiyo inayolipa gereji, usisaini barua ya kuridhika kabla hujaliendesha gari, ukajaribu taa zote na kutazama rangi mchana wa jua.

Wazee, hati na mahakama

Kuelewana si kosa. Katiba ya 2010, ibara ya 159, inahimiza upatanishi na njia za jadi za kumaliza migogoro, na Tana River tunazo: Gasa kwa Wapokomo, Matadeda kwa Waorma. Kwa ajali ndogo isiyo na majeruhi, wazee wanaweza kulimaliza jambo kwa siku moja na kuwaacha majirani wakisalimiana. Ukishazungumza na bima yako, ninachoomba ni maandishi. Andikeni majina, namba za vitambulisho, tarehe ya ajali, kilichoharibika, kiasi cha kulipwa, siku ya mwisho ya kulipa, na sahihi za pande mbili na mashahidi wawili. Kila mmoja abaki na nakala. Malipo yapitie M-Pesa ili yabaki na kumbukumbu.

Mwenzako akivunja makubaliano, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo uharibifu wa mali na majeraha. Huhitaji wakili, unaweza kuzungumza Kiswahili, na sheria ya 2016 iliyoiunda inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Anzia ofisi ya masjala ya mahakama ya Garsen, wakuelekeze pa kufungulia. Usichelewe: dai la uzembe lina miaka 3 tangu siku ya ajali. Kama unadai majeraha, iarifu kampuni ya bima ya mwenzako kwa maandishi kabla ya kufungua kesi, ili isije ikasema haikujua.

Mahakamani, gharama za matengenezo lazima zithibitishwe kila shilingi. Lakini hata mtu ambaye hajapata fedha za kutengeneza hajapoteza haki yake. Katika kesi ya 2010 iliyohusu ushirika wa wafugaji wa maziwa wa Nkuene, Mahakama ya Rufaa ilikubali ripoti ya mkaguzi kuwa ushahidi wa kutosha wa hasara ya gari. Maskini aliyeshindwa kununua taa mpya anaweza kushinda kwa karatasi aliyoitunza.

Kwa hiyo, kabla ya safari ijayo, weka ndani ya gari au chini ya kiti cha pikipiki mfuko wa plastiki usiopitisha maji: nakala ya cheti cha bima, namba ya simu ya kampuni yako na ya kituo cha polisi, daftari dogo na kalamu inayoandika. Mfundishe pia kijana unayemwachia boda yako, maana siku ya ajali huenda yeye ndiye atakayekuwa barabarani.