Pikipiki ya Umeme Loki, Kakuma na Lodwar: Piga Hesabu Kabla ya Kutuma Malipo ya Awali

Siku hizi ukifungua simu tu, tangazo la pikipiki ya umeme linakungoja. Sahau mafuta, lipa kidogo kidogo kila siku, anza leo. Picha ni ya kijana wa Nairobi amesimama kwenye lami safi, helmeti inang'aa. Wewe uko Lokichoggio, umekaa stejini chini ya mti, mafuta yamepanda tena, na unajiuliza: hii kitu itafanya kazi huku kwetu?

Ni swali zuri, na tungependa ulijibu kabla hujabonyeza "tuma". Malipo ya awali ya pikipiki ni pesa nyingi. Kwa wengi ni akiba ya mwaka mzima au mbuzi waliouzwa, na pesa ikishatoka kwa simu kuirudisha si kazi rahisi. Sisi hatuuzi pikipiki za aina yoyote. Kazi yetu ni malipo, na ukiichunguza pikipiki ya umeme utaona kwamba ile yenye bei nafuu mara nyingi ina nafuu kwa sababu ya jinsi malipo yalivyopangwa.

Kwa hivyo usianze kwa kuuliza ina spidi gani ama ni nzuri kiasi gani. Uliza betri ni ya nani, na itachajiwa wapi.

Betri ya kubadilisha, au betri yako mwenyewe?

Kampuni nyingi zinazojulikana zinafuata mfumo wa kubadilisha betri. Ampersand, iliyoanzia Kigali kabla ya kuja Nairobi, iko hivyo. Spiro iko hivyo. ARC Ride ya Nairobi pia ina makabati yake ya betri. Unanunua pikipiki bila betri. Chaji ikiisha unaingia kituoni, unatoa betri tupu, unapewa iliyojaa, unalipa kwa simu, unaondoka. Inachukua dakika chache tu. Na kwa kuwa betri ndiyo kipande ghali zaidi cha chombo chote, pikipiki isiyo na betri yake inauzwa kwa bei inayovutia sana.

Kwa mwendeshaji wa Kawangware au Kayole, mpango huu tunauona ni mzuri. Lakini unaishi kwa vituo. Pasipo na kituo, pikipiki hiyo ni kiti tu cha kukalia. Hata kituo kimoja hakitoshi, maana siku betri zilizojaa zikiisha hapo, au stima ikipotea, nawe unalala hapo hapo. Muuzaji akikuambia "vituo vinakuja Turkana", mwambie utalipa vikishafika. Usione haya kusema hivyo.

Mfumo wa pili ni wa betri yako mwenyewe. Mfano ni Roam Air, inayotengenezwa Nairobi na kampuni ya Roam, ambayo zamani iliitwa Opibus. Betri yake inatolewa, unaibeba hadi ndani ya nyumba na kuichaji kwenye soketi ya kawaida. Betri moja imeelezwa kuwa inaenda kama kilomita 75, na pana nafasi ya kuweka ya pili. Kilomita za kwenye tangazo ni za barabara nzuri. Ukibeba abiria na gunia la unga, ukapita mchanga wa laga, sisi tungeondoa robo kabisa, tukahesabu kama 55.

Sasa weka hizo 55 kwenye barabara zetu. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120, na kutoka Kakuma hadi Loki ni kama 95. Lami imefanya safari hizo ziwe tamu kwa pikipiki ya petroli, lakini kwa betri moja hutafika, utaishia katikati pasipo na soketi wala kivuli. Ndani ya mji mambo ni tofauti. Kutoka kituo cha Loki hadi uwanja wa ndege au Lopiding, kutoka Kakuma mjini kuingia kambini, ama kuzunguka Lodwar kati ya soko, hospitali na Kanamkemer, hizo ni safari ambazo pikipiki ya umeme inaziweza vizuri sana. Kama mkate wako unatoka kwa abiria wa mbali, baki na petroli kwa sasa.

Na zile skuta za kusimama, zenye magurudumu madogo kama ya kiti cha ofisi? Ziache mjini penye lami. Mchanga utazimeza. Baiskeli ya umeme ina nafasi yake, hasa kwa mwalimu au muuguzi anayekwenda kazini kilomita tano na kurudi: betri yake ni ndogo na inachajiwa kirahisi, na stima ikikataa bado unaweza kupiga pedali. Lakini haitabeba mama mjamzito hospitalini, basi tusiilinganishe na pikipiki.

Stima yenyewe inatoka wapi?

Hapa kuna kichekesho kidogo. Mradi mkubwa wa umeme wa upepo unaoitwa Lake Turkana Wind Power una mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, lakini uko Marsabit, ng'ambo ya ziwa, na laini yake ndefu inateremka hadi Suswa. Lodwar imezoea stima ya kituo chake kisichounganishwa na gridi ya taifa, kituo kinachotegemea zaidi jenereta za dizeli. Loki nako ni stima ya kituo cha mbali. Kwa hiyo yule anayekwambia pikipiki yako "haitumii mafuta kabisa" hajafika huku.

Hata hivyo, mteja wa Kenya Power wa vituo hivi analipa kwa viwango vile vile vya mteja wa Nairobi, ingawa kuzalisha stima ya dizeli ni ghali. Kwa mfuko wako hiyo ni habari njema. Kalobeyei na sehemu za Kakuma kuna gridi ndogo za sola za kampuni binafsi. Hizo zina bei zake, mara nyingi za juu zaidi. Uliza yuniti moja ni shilingi ngapi kabla ya kupiga hesabu yoyote.

Tahadhari moja kuhusu sola ya nyumbani. Betri ya pikipiki kama ile tuliyoitaja inameza zaidi ya yuniti tatu. Paneli ya wati 50, ya kuwasha taa na kuchaji simu, itahitaji karibu siku 12 za jua kali kuijaza mara moja. Muuzaji akisema "utachaji na sola yako tu", muulize sola ya wati ngapi.

Hesabu ya daftari

Chukua kalamu. Namba hizi ni za mfano, weka zako mahali pake.

Tuseme unaendesha kilomita 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Pikipiki ya petroli iliyobeba mzigo inaenda kama kilomita 40 kwa lita, basi unahitaji lita mbili na nusu. Tuseme lita ni shilingi 200. Bei halisi ya mji wako unaijua, na EPRA hutangaza mpya kila tarehe 14 ya mwezi. Hiyo ni shilingi 500 kwa siku. Kwa umeme, kilomita hizo hizo zinahitaji kama yuniti tano, pamoja na zinazopotea wakati wa kuchaji. Kwa shilingi 30 kila yuniti, ni 150. Umeokoa 350 kwa siku, yaani 9,100 kwa mwezi. Si pesa ya kuchezea.

Sasa geuza ukurasa. Tuseme mkataba unasema malipo ya awali 30,000, halafu 500 kila siku kwa miaka miwili. Mia tano kwa siku inaonekana ndogo, si ndiyo mafuta tu? Lakini wewe unafanya kazi siku 26, mkopo unafanya kazi siku 30. Jumapili unaingia kanisani, mkopo hauingii. Kwa mwezi unadaiwa 15,000, na ulichookoa kwenye mafuta ni 9,100. Bado 5,900 lazima itoke kwa abiria. Ukijumlisha yote, 500 mara siku 730 ni 365,000, na 30,000 ya mwanzo, jumla 395,000. Uliza bei ya kununua taslimu kisha weka namba hizo mbili pamoja. Tofauti yake ndiyo bei ya mkopo, na matangazo huipitia haraka haraka.

Kama unaendesha kilomita 40 tu kwa siku, utaokoa 140 badala ya 350. Kwa mwezi haifiki hata 4,000. Hapo mkopo wa 15,000 utakukaba koo, na kusema kweli hatungekushauri uuchukue. Pikipiki ya umeme inamlipa anayezunguka sana ndani ya mji mmoja. Lakini anayezunguka sana ndiye anayemaliza betri mchana! Ukiwa na betri moja ya kilomita 55, hizo 100 utazipata tu kwa kuchaji katikati ya siku. Mara nyingi saa saba hadi saa tisa jua limewafukuza abiria wote, lakini uliza kwanza betri inachukua saa ngapi kujaa. Usikimbilie tu kuichomeka ikiwa bado ya moto. Lodwar joto la mchana hufika nyuzi 35 na kupita, na betri za lithiamu huzeeka haraka zikichajiwa zikiwa zimechemka. Iweke kivulini nusu saa kwanza, penye hewa, wala si kwenye kibanda cha mabati.

Miiba ya mathenge haichagui petroli wala umeme. Bajeti ya pancha ibaki pale pale.

Siku ya kulipa

Pikipiki za mkopo kwa kawaida huwa na kifaa kinachoonyesha ziko wapi na kinachoweza kuzizima malipo yakichelewa. Mpango wa kulipa kila siku ulitangulia kwenye taa za sola, ambazo M-KOPA ilianza kuziuza hivyo mwaka 2012, na taa ikizimwa unalala gizani usiku mmoja. Pikipiki ikizimwa umepoteza kazi ya siku, na ya kesho italipwa na nini? Kwa hiyo uliza na uandikiwe: nikichelewa siku ngapi inazimwa? Nikilipa nikiwa mahali mtandao umekatika, itawaka baada ya muda gani? Naweza kulipa ya wiki nzima siku ya soko? Nikiugua mwezi, inachukuliwa, na niliyolipa yanaenda wapi?

Uliza pia kama bei ni pamoja na betri, garantii ya betri ni ya miaka mingapi, na fundi wa karibu yuko wapi. Kama yuko Eldoret au Kitale, nauli ya kupeleka betri huko ni sehemu ya bei. Wewe unayeishi kambini Kakuma, hakikisha mapema kwamba mkopeshaji anakubali kitambulisho cha mkimbizi, kwa mkataba na kwa logibuku pia, kabla ya kutoa hata shilingi.

Malipo ya awali yapeleke kwa paybill au till ya kampuni, kamwe si kwa nambari ya mtu. "Tuma kwangu nitakupelekea, mtandao wa ofisi uko chini" ni maneno ya tapeli hata kama amevaa fulana ya kampuni. Jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukamilisha malipo lisome lote. Likiwa jina la mtu, ghairi. Nambari ya akaunti iangalie tarakimu moja moja, maana pesa iliyoenda kwa akaunti ya mteja mwingine haitaifungua pikipiki yako, na wewe utahesabiwa umechelewa. Ikitokea, wasiliana nasi siku hiyo hiyo ukiwa na ujumbe wa muamala.

Ada ya kutuma pia ipo kwenye hesabu. Kama mkataba unakuachia ada wewe, kulipa mara moja kwa wiki badala ya kila siku kunaweza kukupunguzia. Linganisha kwenye jedwali la ada, halafu amua.

Ujumbe wa malipo usiufute. Simu ikiibwa au ikianguka mtoni, omba taarifa ya akaunti yako kwetu na uilinganishe na ile ya mkopeshaji kila mwezi, usingoje mwisho wa miaka miwili. Namba zikipishana, mpelekee muamala husika kwa maandishi, na salio jipya pia akupe kwa maandishi. Siku ya malipo ya mwisho dai barua ya kumaliza deni, na usiondoke hapo mpaka ujue logibuku inahamishiwa jina lako lini.