Kabla hujalipia huduma ya kutuma barua pepe, jua kwanza wateja wako wanasoma wapi

Juzi dada mmoja wa Kahama anayeuza magauni kwa simu aliniuliza: "Dada, ni huduma gani ya bei nafuu naweza kutumia kuwatumia wateja wangu barua pepe kila wiki, niwajulishe mzigo mpya?" Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu, nikaona bora nilimwage hapa tunufaike wote. Soma mpaka mwisho, kuna hesabu.

Mimi niko Katoro, mkoa wa Geita. Nimezaliwa Shinyanga, form four nikamaliza, matokeo hayakunibeba, nikaja huku kwa shangazi kumuuzia duka. Leo nina langu. Nauza gambuti, tochi za kichwani, makoti ya mvua na glavu. Wateja wengi ni wachimbaji wadogo. Karibu nusu ya mauzo ni watu wanaoagiza kwa simu, mimi naweka mzigo kwenye gari la Rwamgasa au Nyarugusu, au kwenye basi la Kahama. Haya nayoandika sikufundishwa chuo. Nilifundishwa na hela yangu mwenyewe.

Nilivyokosea

Mwaka juzi kabla ya mvua nilikopa kikoba shilingi 600,000, nikaagiza pea 50 za gambuti kutoka Kariakoo. Marejesho miezi mitatu. Nikawa nimeona video moja inasema mfanyabiashara wa kisasa lazima awe na orodha ya barua pepe. Nikaamini. Kwa miezi miwili kila mteja aliyekuja dukani nilimwomba namba ya simu na barua pepe, naandika kwenye daftari. Nikapata watu 212.

Nikajisajili kwenye huduma moja ya bure. Usiku tatu nilikaa napanga picha, rangi na maandishi makubwa. Nikatuma. Nikakaa na simu mkononi nasubiri oda.

Baada ya wiki nikaangalia ripoti. Barua 31 ziligonga ukuta kwa sababu anwani hazipo. Waliofungua 19. Nimeuza pea mbili. Mvua imeshaanza, na mwenyekiti wa kikoba ananipigia: "Mwanangu, Jumamosi tunakutana, usiniangushe."

Nikachukua daftari nikaanza kupiga simu mmoja mmoja. Wa tatu alikuwa mchimbaji wa Rwamgasa. Nikamuuliza, "Kaka, hukuona barua pepe yangu?" Akacheka. "Barua pepe gani dada? Ile niliyokuandikia alinifungulia kijana aliyeniuzia simu, ili simu ikubali kupakua programu. Hata neno la siri silijui. Ungenitumia meseji ya kawaida tu. Huku duarani nikipanda juu ndo zinaingia."

Hapo nikaelewa. Huduma haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu. Nilichagua njia ya kutuma kabla ya kujua mteja anasoma wapi. Nilidhani bure ni rahisi, kumbe bure isiyomfikia mteja ni ghali kuliko ya kulipia, maana inakula muda, na muda wa mvua haurudi.

Gawa daftari lako mafungu matatu

Siku mbili nilipiga simu na swali moja tu: "Mzigo mpya ukifika, nikujulishe kwa njia gani uone siku hiyohiyo?" Watu 90 walisema meseji ya kawaida. Hawa ni wenye vitochi, na wenye simu kubwa ambao bando linakatika au wako machimboni. 96 walisema WhatsApp. Waliosema barua pepe walikuwa 26 tu kati ya 212.

Kila fungu lina gharama yake. Twende moja moja.

Fungu la kwanza: meseji za jumla

Hizi ni zile zinazofika kwa jina la duka badala ya namba. Kampuni zipo, mfano Beem ya Dar es Salaam, NextSMS, na Africa's Talking iliyoanzia Nairobi. Unanunua meseji, unaomba jina la mtumaji lisajiliwe, jina lisizidi herufi 11. Mimi meseji moja ilinigharimu shilingi 20. Ukinunua nyingi bei inashuka, kwa hiyo ulizia kampuni mbili tatu kabla hujalipa.

Sasa sikiliza, hapa ndo wengi wanaliwa. Meseji moja inabeba herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Ukiweka emoji hata moja, nafasi inashuka mpaka 70. Ikizidi hapo inakatwa vipande vya 67, na kila kipande unalipia kama meseji nzima.

Angalia meseji yangu:

"Gambuti mpya namba 6 hadi 11 zimefika Katoro. Pea 18,000. Rwamgasa na Nyarugusu mzigo unafika leo. Piga 07XXXXXXXX. Hutaki meseji? Tujulishe."

Hiyo ni herufi 141, meseji moja. Watu 90 mara shilingi 20 ni 1,800. Mara ya kwanza niliweka ka-emoji ka moto mwishoni ili ipendeze. Ikawa vipande vitatu, nikakatwa 5,400. Kwangu tofauti ni hela ya chai, ila ukiwa na wateja 1,000 ni 20,000 dhidi ya 60,000. Kwa ajili ya moto mmoja!

Kingine, mteja hawezi kujibu meseji iliyotoka kwa jina. Kwa hiyo namba ya simu lazima uiandike ndani. Usiisahau, utapoteza oda zote.

Fungu la pili: WhatsApp

WhatsApp Business haina gharama, ni bando lako tu. Tumia orodha ya matangazo, siyo kundi. Kwenye kundi wateja wanaonana namba na mshindani wako anaweza kuingia kimyakimya. Kwenye orodha ya matangazo kila mtu anapata kama umemwandikia yeye peke yake. Orodha moja inachukua watu 256.

Sharti lake: anayepata ni yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Kama hajaihifadhi, wewe unaona umetuma, yeye hana kitu. Mimi kila nikituma mzigo naandika: "Kaka, hifadhi namba hii kama Gambuti Katoro, nikutumie picha za mzigo mpya kabla haujaisha." Wengi wanafanya, kwa sababu nimewapa sababu.

Tahadhari: usitumie zile WhatsApp za kuchakachua. Namba inaweza kufungiwa, na wateja wako wote wakaenda nayo. Daftari libaki kuwa lako siku zote.

Fungu la tatu: barua pepe yenyewe

Sasa usije ukasema nimesema barua pepe haina maana. Wale 26 ni nani? Ni watunza stoo wa makampuni yanayofanya kazi kwenye migodi mikubwa, wahasibu wa shule, wenye nyumba za wageni. Hawa kila asubuhi wanafungua barua pepe kwa sababu ndo kazi yao. Hawanunui pea moja. Wanataka bei kwa maandishi, TIN yako, na kitu cha kumpelekea bosi asaini.

Na kwa watu 26 huhitaji kulipia huduma yoyote. Gmail ya kawaida inakubali kutuma kwa watu mpaka 500 kwa siku. Weka anwani zao sehemu ya Bcc wasionane, andika kwa kifupi, ambatanisha orodha ya bei. Basi.

Nilifanya hivyo Jumatatu. Jumatano mtunza stoo mmoja wa Geita akaomba profoma ya pea 18. Barua moja ile, bila picha wala rangi, iliuza mara tisa ya ile niliyoipamba usiku tatu. Meseji na simu nazo zikauza pea 23 ndani ya siku tisa. Jumamosi ile ya kikoba sikuiwahi, nililipa wiki iliyofuata pamoja na faini ya 10,000. Faini hiyo naihesabu kama ada ya darasa.

Ukishafika mahali pa kuhitaji huduma

Orodha ikikua, au ukichoka kufuta kwa mkono wanaosema hawataki tena, hapo ndo utafute huduma. Uliza maswali haya kabla ya kujisajili:

1. Inatoza kwa idadi ya watu au kwa idadi ya barua? Brevo, ambayo zamani iliitwa Sendinblue, inahesabu barua. Mpango wake wa bure ni barua 300 kwa siku, kwa hiyo ukiwa na watu 900 utatuma kwa siku tatu. Mailchimp inahesabu watu, na inahesabu hata waliojitoa kama hujawahamishia kwenye kumbukumbu. Ukiwa na watu wengi lakini unatuma mara moja kwa mwezi, tafuta inayohesabu barua.

2. Ile bure yao itadumu? Mailchimp iliwahi kuruhusu watu 2,000 bure, baadaye ikashusha mpaka 500. Ni biashara yao, wana haki. Wewe usijenge nyumba yako kwenye kiwanja cha kupewa. Soma ukurasa wao wa bei siku ileile unayojisajili, na ujue bei ya ngazi inayofuata.

3. Naweza kutoa orodha yangu? Lazima uweze kuipakua ikafunguka kwenye Excel. Isipowezekana, usiingie. Ukiweza, ipakue kila mwezi.

4. Nalipaje? Nyingi zinataka dola kwa kadi. Kumbuka dola ikipanda na bili yako inapanda, hata kama hujaongeza mteja hata mmoja.

5. Nitatuma kwa anwani gani? Kuanzia Februari 2024 Google na Yahoo walikaza masharti kwa wanaotuma barua nyingi. Ukitumia huduma hizi huku anwani yako inaishia na @gmail.com, uwezekano wa kuangukia kwenye taka ni mkubwa. Utahitaji jina lako la intaneti, mfano linaloishia na .co.tz, na kuithibitishia huduma kwamba ni lako. Jina hilo linalipiwa kila mwaka, kwa hiyo liweke kwenye hesabu. Huduma inaweza kuwa bure na bado ukawa na gharama.

6. Barua yangu ni nzito kiasi gani? Mteja analipia bando. Picha moja ndogo inatosha, bei iandike kwa maneno.

Usinunue namba za watu

Wakati nimekwama kuna kijana alikuja na daftari la namba mia kadhaa, amelitoa kwa wakala wa kutuma pesa. Anataka 15,000. Nakiri nililishika, nikalifungua. Nikakuta jina la mama mmoja tunayesali naye. Nikamrudishia. Yule mama aliacha namba pale ili atoe hela, hakuiacha ili mimi nimsumbue na gambuti.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023. Namba na barua pepe ya mtu ni taarifa zake. Omba ruhusa, mwambie utaitumia kwa nini, na akisema basi, mfute siku hiyohiyo. Kwenye daftari langu kuna safu ya tarehe aliyokubali. Haina gharama yoyote.

Piga hesabu hii

Kila ukituma, andika vitu vitatu: umetumia shilingi ngapi, wamenunua wangapi, umebaki na faida gani. Gawa gharama kwa walionunua. Meseji zilinigharimu 1,800, wakinunua watu 9 ni shilingi 200 kwa kila mteja. Huduma ya bure iliyoleta watu wawili baada ya usiku tatu, hesabu mwenyewe usiku wako mmoja ni shilingi ngapi.

Sasa kwa dada yangu wa Kahama. Wewe unauza magauni, wateja wako wanataka kuona picha na kuuliza saizi palepale. Usilipie chochote mwezi huu. Leo jioni wapigie wateja kumi, uwaulize lile swali langu moja. Nahisi nane watakwambia WhatsApp. Wale wawili wa ofisini wanaotaka sare za wafanyakazi, hao waandikie barua pepe kwa Gmail ya kawaida, na uwape bei ya jumla. Wakifika mia mbili nitafute, tutachagua huduma pamoja.

Hifadhi somo hili, mtumie na mwenzako anayetaka kulipia wiki hii.